Si mdoli huo, mama: soma boksi kwanza

SEHEMU YA 1

Leo naanza mada ndefu kidogo. Nitaikata vipande kati ya zamu na zamu, kwa hiyo msinigongee saa nane usiku mkiuliza "mwendelezo uko wapi nesi", saa hizo nitakuwa wodini.

Mada ni hizi sanamu za anime, yaani katuni za Kijapani. Yule kaka mwenye panga tatu. Yule mwenye nywele za njano zilizosimama kama moto. Yule binti aliyebana kipande cha mwanzi mdomoni. Zinaletwa na ndugu walioko nje, zinaagizwa mtandaoni, zinauzwa kwenye kurasa huku kwenye simu zetu, na sasa zimefika kwenye makabati ya sebuleni na kwenye mikono ya watoto wanaotambaa.

Inboksi yangu imegawanyika pande mbili. Upande mmoja: "Nesi, mwanangu ana mwaka na nusu, anaupenda sana huu mdoli wa kaka yake, nimwachie tu alale nao?" Upande wa pili: "Nesi, nimeambiwa hivi vinyago vina mapepo, nimechukua vyote vya kijana wangu nataka kuchoma Jumamosi, unasemaje?"

Wa kwanza, jibu ni hapana. Wa pili, hapana kubwa zaidi, na nitaeleza.

Habari za mapepo sizigusi. Kila mtu ana shehe wake au mchungaji wake, aende akamuulize. Mimi najua koo, mapafu na utumbo, na huko ndiko ninakogombana na watu wiki hii. Tumekaa kubishana kama sanamu ina roho, na wakati tunabishana mtoto ameshaing'oa mkono na kuuweka mdomoni.

SEHEMU YA 2

Kachukue boksi. Ndiyo, sasa hivi, nakusubiri. Kama boksi limetupwa, hilo ni tatizo la kwanza, utaona baadaye kwa nini.

Ligeuze nyuma au chini. Kati ya maandishi ya Kijapani mara nyingi utaona namba 15. Inasema umri unaolengwa ni miaka 15 na kuendelea. Wazazi wengi wakiiona wanadhani ni mambo ya akili, kwamba hadithi ni nzito au ina mapigano. Wanajibu, "Mwanangu mwerevu, anaelewa." Mama, hilo boksi haliulizi kama mwanao ni mwerevu.

Kule Japani midoli ya watoto ina alama yake, inaitwa ST. Ilianza mwaka 1971, inasimamiwa na chama cha watengenezaji wa midoli, na inahusu midoli ya watoto mpaka miaka 14. Mdoli wenye alama hiyo umepimwa: una ncha kali? Unashika moto upesi? Una kemikali gani? Zaidi ya hapo, midoli ya watoto wa chini ya miaka 6 wameiweka chini ya sheria ya usafi wa chakula. Jamani, chakula! Maana Wajapani wanajua kile kila bibi anachokijua, kwamba mtoto mdogo hachezei kitu, anakila.

Sasa rudi kwenye 15. Mtengenezaji akiandika 15 amekuambia wazi kwamba hiki kitu kimekaa nje ya mpaka huo. Hajasema ni sumu. Amesema hakikutengenezwa kama kitu cha mtoto, na hakikupimwa kama kitu cha mtoto. Ni pambo la mtu mkubwa, kama vile chungu cha udongo cha sebuleni ni pambo. Ukimpa mtoto wa miaka miwili, jaribio la kwanza la usalama wake linafanyika mdomoni mwa mwanao.

Halafu kuna wauzaji wanaobandika stika ya bei juu kabisa ya hiyo 15. Nimetumiwa picha za namna hiyo zaidi ya moja. Tangazo limeandikwa "midoli ya Kijapani, zawadi nzuri kwa mwanao", na pembeni picha ya mtoto mchanga. Sitaji ukurasa wa mtu hapa. Ila wewe unayefanya hivyo unajijua, na unajua unachokifunika.

Kitu kimoja cha kupimia ili tuende sawa. Wapimaji wa midoli wana kikopo chembamba, upana wake milimita 31.7, kinafanana na koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Kipande kikizama chote humo, hakifai kwa mtoto wa umri huo. Wewe huna hicho kikopo, lakini una ile karatasi ngumu inayobaki katikati ya toileti pepa ikiisha. Hiyo ni pana zaidi kidogo, na uzuri wake ndio huo, unabakiwa na nafasi ya usalama. Chochote kinachopita humo, mtoto wa chini ya miaka 3 hakipati. Iweke jikoni, tutaitumia hapa chini.

SEHEMU YA 3

Tatizo letu lingine ni kwamba tunasema "sanamu" kana kwamba zote ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kijana wako anazijua aina zake kama wewe unavyojua aina za vitenge, na kila aina ina hatari yake. Nazipanga kwa jinsi ninavyoziogopa mimi, siyo kwa bei.

Ninayoiogopa kuliko zote inaitwa Nendoroid. Inatengenezwa na kampuni ya Good Smile tangu mwaka 2006, na mpaka leo zimeshatoka zaidi ya aina 2,000. Urefu wake kama sentimita 10. Kichwa kikubwa, macho makubwa, kiwiliwili kidogo, mashavu ya mtoto. Shangazi yeyote akiiona anasema "jamani kadoli!" na anamkabidhi mtoto palepale. Hapo ndipo ninapopata hasira, maana katika sanamu zote hii ndiyo inayofanana zaidi na kitu cha mtoto, na ndiyo inayoachana vipande vipande zaidi. Uso unachomoka, ili ubadilishe kutoka kucheka kwenda kulia. Nywele za mbele zinachomoka. Mikono inachomoka, na ndani ya boksi kuna mikono mingine ya akiba, mmoja umekunja ngumi, mwingine umeshika kikombe. Kiganja chake kimoja ni kama punje ya haragwe. Chukua ile karatasi ya toileti pepa ujaribu. Vipande karibu vyote vinapita bila hata kugusa ukingo.

Na haragwe, nyie mnajua. Kila mama hapa amewahi kusikia habari ya mtoto na punje ya haragwe au karanga. Sasa hii ni haragwe isiyolainika, haioti, haiyeyuki, na picha ya eksirei mara nyingi haiioni kwa sababu ni plastiki. Nisikilizeni vizuri hapa. Mtoto akivuta kipande cha plastiki kikaingia kwenye njia ya hewa ya pafu, anaweza akakohoa sana dakika chache halafu akatulia. Mama anasema ameshapona. Siku kadhaa baadaye anaanza homa, kifua kinakoroma upande mmoja, anapewa dawa ya nimonia, anapata nafuu, inarudi. Nimemuuguza mtoto wa namna hiyo. Kilichotusaidia ni dada yake wa miaka saba aliyekuja kumwona akasema, bila kuulizwa na mtu, "Naye ndiye aliyepoteza mkono wa mdoli wangu." Hicho ndicho kipimo kilichofanya kazi, maneno ya mtoto wa miaka saba.

Inayofuata ni zile zenye viungo. Ya Max Factory inaitwa figma, ilianza mwaka 2008. Ya Bandai inaitwa S.H.Figuarts. Hizi zinakunja magoti, viwiko, shingo, na huja na mapanga, bastola, athari za moto za plastiki angavu, na mikono ya akiba tena. Kijana anaweza kukaa nazo jioni nzima akizipanga zipigane, na kwa kweli ni mchezo wa utulivu, mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni ule mfuko mdogo wa plastiki wenye mikono ya akiba unaobaki kitandani.

Halafu zipo za mashine. Unatumbukiza sarafu, unazungusha, linadondoka yai la plastiki na ndani kuna kitu. Wajapani wanaita gachapon. Kwao ni za yen mia chache tu, ziko kila mahali, stesheni, madukani. Huku kwetu ndizo zinazofika kwa wingi mifukoni mwa ndugu, kwa sababu ni nyepesi na ni rahisi. "Nimemletea mtoto kazawadi kadogo." Kadogo kweli! Nyingine ni kama kidole gumba. Zipo zinazotengenezwa kwa watoto wakubwa na zipo za wakusanyaji, ila zote ni ndogo, na baadhi zina taa ndani. Kwenye taa kuna betri, na mara nyingi ni ile bapa ya saa. Kuhusu betri nitakuwa mkali Sehemu ya 6.

Zile kubwa nzuri zinazosimama kwenye kabati la kioo huitwa za skeli. Unaona kwenye boksi 1/8, 1/7, 1/4. Maana yake rahisi: mhusika mwenye urefu wa sentimita 160 akitengenezwa kwa 1/8 anakuwa na sentimita 20. Haziachani ovyo, hazikunji viungo, zimeganda kwenye pozi moja. Kwa koo ni afadhali. Lakini zina vidole vyembamba, ncha za nywele na mapanga yanayoweza kuchoma jicho, na baadhi zimefichwa sumaku ndogo zenye nguvu za kushikilia silaha au koti. Sumaku ni janga peke yake. Na bei, mama: sanamu halali ya skeli siku hizi inafika yen 20,000 na kuzidi. Ni zaidi ya laki tatu zetu. Uliyempa mtoto atafune ili upate muda wa kupika, pole, umempa simu ya mkononi atafune.

Zinazofanana nazo ila kwa bei ya chini ni za zawadi. Kule Japani kuna majumba ya michezo yenye mashine ya mkono wa chuma, unacheza, ukibahatika unanyakua boksi. Banpresto, Sega, Taito, Furyu, hayo ndiyo majina utakayoyaona. Sanamu nyingi halali zilizopo kwa vijana wetu ni za aina hii. Ni kubwa, vipande vichache, rangi siyo ya ustadi sana. Zikiwa juu ya kabati sina neno nazo.

Kuna na za kuunganisha mwenyewe. Gundam, yale maroboti, katuni ilianza 1979 na vifaa vya kuunganisha vikaanza 1980, mpaka leo vinauzwa. Vingine vimeandikwa miaka 8, vingine 15, soma boksi. Plastiki yake inakatwa kwa koleo na vibanzi vinaruka mpaka chini ya kochi, kule ambako mtoto anayetambaa ndiko ofisini kwake. Na kuna za wasanii wadogo zinazotengenezwa kwa resini, nyingi zinauzwa kwenye tamasha la Wonder Festival pale Makuhari, Chiba, mara mbili kwa mwaka. Hizo zinakuja bila rangi, kijana anapiga msasa, anapulizia rangi, anatumia thina. Mjamzito usikae chumba hicho. Hata kijana mwenyewe, msasa wa resini afanye nje, avae barakoa, alowanishe ule msasa ili vumbi lisipae.

Nyongeza moja kwa akina mama wa vijana, nitasema haraka halafu tusonge. Zipo sanamu za watu wazima, zimeandikwa 18, na mavazi yake unaweza kukisia. Kabla hujamlipia mtu "sanamu ya anime" kwa simu, fungua picha uone unalipia nini.

SEHEMU YA 4

Mmeandika wengi: "Nesi, yangu nimeinunua bei rahisi kabisa, haina hata hiyo 15." Basi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Sanamu hizi nyingi ni za PVC na ABS. ABS ni plastiki ngumu, ileile ya matofali ya LEGO. PVC mnaijua, ni jina lilelile la mabomba ya fundi wenu. PVC kwa asili ni ngumu, ili iwe laini na kuonyesha mikunjo ya nguo inatiwa vilainishi. Baadhi ya vilainishi hivyo huitwa thaleti, na kuna vinavyochezea homoni. Ulaya wamevibana vikali kwenye midoli ya watoto, vile vitatu vinavyogombaniwa zaidi havitakiwi kuzidi asilimia 0.1. Marekani wakaweka sheria yao mwaka 2008. Japani wana yao. Unaona mchezo? Sheria zote hizo zinalinda midoli. Sanamu ya miaka 15 si mdoli, na sanamu bandia haina hata mtu wa kumuuliza.

Mtengenezaji halali ana jina, anwani, na sifa ya kulinda. Yule aliyechonga nakala kwenye karakana isiyo na jina hakumwambia mtu rangi aliitoa wapi. Rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Hakuna. Sisemi kila sanamu bandia ina risasi. Nasema hakuna aliyeipima, na anayeilamba ni mwanao.

Utaitambuaje? Harufu kali ya mafuta au rangi ukifungua boksi. Macho yamechapwa kombo. Rangi ya nguo imemwagikia kwenye ngozi. Mkono hauingii kwenye tundu lake. Boksi halina jina la kampuni popote. Kwa wale wa One Piece na Dragon Ball, boksi halali huwa na kastika kanakong'aa ka Toei Animation, kana picha ya kichwa cha paka, japo na penyewe wajanja wanaiga. Na bei. Kitu cha laki tatu hakiuzwi elfu ishirini na tano kwa sababu muuzaji ana roho nzuri.

Jambo lingine, halali au bandia: PVC haipendi joto. Iache dirishani kwenye jua letu, itaanza kuinama kama mtu aliyechoka, na juu inakuwa ya kunata. Kule kunata mara nyingi ni kilainishi kinachotoka nje. Mwenye nayo aioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, aikaushe, anawe mikono. Na sanamu inayonata isifike kwa mtoto anayenyonya vidole.

SEHEMU YA 5

Sasa wale wa Jumamosi. Wachomaji.

Nimesoma ujumbe wa mama mmoja aliyesema amekusanya sanamu 14 za kijana wake, amemwaga mafuta ya taa, na watoto wote wamesimama pale uani ili "wajifunze". Alinitumia na video. Moshi mweusi, watoto wanakohoa, na bibi mwenye pumu amekaa barazani hatua chache tu.

Mama, ile ni PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC yenyewe ni klorini. Ukiichoma inatoa gesi ya hidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa jicho, koo na pafu inageuka tindikali. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa palepale, mbele yako, na huyo ndiye utakayeniletea usiku. Moto wa uani, usio na joto kali la kutosha, unazalisha pia dayoksini. Aina mbaya kuliko zote katika hizo imetajwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Haziondoki upesi. Zinakaa kwenye udongo, zinakaa kwenye mafuta ya mwili. Kuku wa kienyeji anachakura lile jivu, halafu unakula yai lake. (Usiache kunyonyesha kwa sababu ya maneno haya! Maziwa yako bado ndiyo bora. Acha kuchoma plastiki.)

Na hili si la sanamu tu. Viatu vya plastiki, vipande vya mabomba, nyaya, zote tunachoma uani. Ila hizi za anime zimepewa na heshima ya ibada juu yake, watu wanasogeza watoto karibu waone.

Kama umeamua hazikai nyumbani kwako, ni nyumba yako, sikuingilii. Ziuze. Kuna vijana watu wazima wanaozitafuta, na ukishamwondolea kijana wako kitu cha laki tatu, angalau fedha irudi kwake. Mrudishie aliyeileta. Zikishindikana zote, funga kwenye mfuko mgumu ziende na gari la taka. Moto hapana.

Nitasema na hili japo mtaninunia. Kijana wa miaka 16 aliyekaa miezi akidunduliza akanunua kitu, akakipanga, akakifuta vumbi, akajua jina la kampuni na mwaka kilipotoka, huyo ana kazi ya mikono na macho. Ukimchomea mbele ya wadogo zake utakuwa umemfundisha kuficha. Na sanamu iliyofichwa inakaa chini ya godoro, ndani ya begi, sakafuni. Yaani kimo cha mtoto anayetambaa.

SEHEMU YA 6

Hii naomba muishee hata kama hizo nyingine hamkuzipenda.

Mtoto amekwamwa na kipande, anakohoa kwa nguvu na analia: mwache akohoe, kaa naye, usimpige mgongoni, usimtie kidole. Kidole cha mama kinasukuma kitu ndani zaidi. Unakitoa tu kama unakiona wazi mdomoni na unaweza kukishika.

Hawezi kulia, hakohoi, anabadilika rangi: piga kelele uitiwe msaada, na anza mwenyewe. Wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, shikilia taya, mpige mapigo 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Rudia. Wa zaidi ya mwaka, mapigo 5 mgongoni akiwa ameinama, kisha simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia mpaka kitoke. Akizimia, mlaze chini na anza kumfufua kwa kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akitafuta usafiri.

Amemeza betri ya saa: hiyo haisubiri kesho asubuhi, haisubiri baba arudi. Ikikwama kwenye umio inaunguza nyama, na ndani ya masaa mawili inaweza kutoboa. Usimtapishe. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anameza vizuri, na ni ndani ya masaa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, HUKU MKIWA NJIANI. Asali haichelewi safari na haiponyi, inapunguza tu kuungua. Chini ya mwaka mmoja asali hapana kabisa.

Sumaku mbili au zaidi, au sumaku moja na kitu kingine cha chuma: hospitali, hata kama anacheza na kucheka. Zinavutana kutoka utumbo huu mpaka utumbo ule, zinabana ukuta katikati, na ukuta unatoboka. Mtoto anaweza kuwa mzima kabisa siku ya kwanza.

Na lile tonge la ugali la kusukuma mwiba wa samaki, tuliache. Hakuna tonge, hakuna ndizi, hakuna mafuta ya kula ya kumwagia kooni.

Unapokuja, njoo na boksi. Ndiyo maana nilisema lisitupwe. Boksi lina picha ya vipande vyote. Njoo na sanamu yenyewe na vipande vilivyobaki, tuhesabu pamoja kilichopungua. Sema mapema, pale mapokezi, "Anaweza kuwa amemeza au amevuta kipande cha plastiki." Usisubiri kuulizwa.

SEHEMU YA 7, MAJIBU YA KOMENTI

"Sisi tulikulia na misumari na vizibo vya soda, mbona hatukufa?" Waliokufa hawaandiki komenti, kaka.

Muuzaji aliyeniomba nifute kwa sababu naharibu biashara: dada yangu, sikusema usiuze. Muuzie kijana, muuzie mtu mzima, piga picha ya ile 15 uiweke kwenye tangazo, na mtu akikuambia "ni ya mwanangu wa miaka miwili" mwambie hapana. Mimi nitakuwa wa kwanza kukutumia wateja. Nina wauguzi wenzangu wawili wanaokusanya Nendoroid na kabati lao lina ufunguo.

"Basi mdogo wangu akitaka wa Kijapani nimpe nini?" Wajapani wanatengeneza vya watoto pia, na ni rafu tofauti kabisa. Anpanman, yule mwenye kichwa cha andazi, ana midoli mingi ya watoto wachanga. Tafuta alama ya ST na umri ulioandikwa. Au mdoli wa kitambaa wa Doraemon au Pikachu, wenye macho yaliyoshonwa kwa uzi, siyo vifungo vya kubandika. Vuta macho na pua kwa nguvu zako zote hapo hapo dukani. Muuzaji akinuna mwache anune.

Mama wa yule kijana wa miaka 16 mwenye mdogo wa miezi 10: kaa naye kijana mkubaliane, usimwamrishe. Kabati lenye mlango, juu ya bega lako wewe. Vipande vya akiba kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, siyo mfuko. Akimaliza kupanga, anahesabu, halafu anapiga magoti na kuangalia sakafu akiwa kimo cha mtoto. Utashangaa atakavyolibeba hilo jukumu, kwa sababu yeye ndiye anayejua vipande vilikuwa vingapi.

Na mama wa sanamu 14 ambaye amenirudia leo asubuhi kuuliza afanye nini na zilizoyeyuka nusu: loweka jivu kwa maji kwanza lisipeperuke, vaa glavu na barakoa, kusanya kwa koleo pamoja na udongo wa juu, funga mfuko miwili. Kuku wafungie bandani mpaka umalize. Lile tuta la mchicha lililo pembeni ya ule moto, usichume, ling'oe. Bibi akiendelea kubanwa kifua hata kidogo, mlete leo, niko zamu mpaka saa mbili usiku.